Chuma cha Mlimani

Wazee wa Katubuka walipofika Simbo kumposea Bariki, mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba wa kijana alipoanza kusifia mageti.

"Kijana wetu ni fundi wa kuchomelea," alisema mjomba. "Mageti yote mnayoyaona kuanzia Mwanga mpaka Gungu, yale yenye maua ya chuma, ni mkono wake. Chuma kinamtii huyu."

Mzee Selestini, baba wa binti anayeposwa, alikuwa amekwisha maliza vikombe viwili vya pombe ya ndizi, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Lakini kusikia mtu mwingine anasifiwa kwa chuma ndani ya nyumba yake kulimchoma. Ukutani, kati ya kalenda ya parokia na picha ya Familia Takatifu, lilining'inia jembe lisilo na mpini, jekundu kwa kutu. Simbo nzima ilijua habari za jembe hilo, kwa sababu Simbo nzima ilikuwa imesimuliwa, na wengine mara mbili kwa wiki. Babu yake, Rusimbi, aliyeyusha mawe ya milima ya Buha akapata chuma, enzi ambazo majembe ya dukani hayajafika. Kwa jembe hilo Rusimbi alimwoa bibi, likarudi nyumbani na bibi harusi kama ilivyokuwa desturi ya ukoo. Kwa jembe hilo baba yake alimwoa mama. Na kwa jembe hilohilo, mwaka wa themanini na tatu, Selestini alimwoa Melania. Mwaka jana tu binti yake Scola, huyohuyo anayeposwa, ambaye ni mwalimu, aliliazima kwa maonyesho ya shule, na wazazi wote walipanga foleni kuligusa.

Waswahili husema ulimi hauna mfupa. Wa Mzee Selestini haukuwa na mfupa wala breki.

"Binti yangu haolewi kwa chuma cha kuokota gereji," alisema. "Mbuzi sitaki. Blanketi sitaki. Nileteeni jembe moja tu, la chuma cha mlimani, kilichotoka kwenye jiwe."

Wazee walitazamana. Ilikuwa kama kuambiwa walete maziwa ya kuku. Selestini naye alitulia, akangoja kubembelezwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wangebembeleza, angekaza, wangebembeleza tena, angelegeza, na kila mtu angeondoka akisema Selestini ni mtu wa ukoo mkubwa na ana huruma.

Lakini Bariki, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kukohoa, akasema, "Sawa, baba. Nitaleta. Ila naomba unifundishe, maana ujuzi huo ni wa ukoo wenu."

Melania, aliyekuwa akipita na sahani ya senene, alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Akaenda zake jikoni.

Sasa niseme ukweli ambao Selestini hakuusema. Kuhusu kuyeyusha chuma, alijua kiasi kilekile anachojua kuhusu kurusha ndege. Alikuwa mkulima wa michikichi, mtu wa mawese, na hata msumari uliopinda aliwaita watu wamnyooshee. Angeweza kuwafuata wazee wale barabarani na kusema, jamani, nilikuwa natania. Badala yake alilala na kiburi chake, na alipoamka akakuta kimenenepa.

Kilichomuumiza ni Scola. Binti huyo alikuwa na mazoea ya kumtania baba yake tangu alfajiri: kofia yake, kikohozi chake, anavyogombana na redio. Tangu siku ya posa alisema "Shikamoo, baba," akaitikiwa "Marahaba," na habari ikaishia hapo. Siku ya nne Selestini alijaribu kumchokoza mwenyewe.

"Mwalimu, leo hunitukani?"

"Nitasemaje, baba? Wewe ndiye umesema. Bila baraka yako siendi kwa Bariki, na bila Bariki siendi kwa mtu. Basi nitabaki hapa nikuamkie mpaka tuzeeke wote wawili."

Selestini alikwenda shambani akajifanya ana kazi.

Wiki iliyofuata Bariki alikuja na pikipiki, gunia la mawe meusi mazito, na simu yake. Mawe aliyatafuta milimani kwa sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Aliyachoma kwanza, akayaponda, na yale yaliyoshikwa na sumaku ndiyo aliyoyaleta. Simu aliileta kwa sababu alikuwa amesoma usiku na mchana.

"Baba, kumbe shaba ilitangulia chuma maelfu ya miaka," alisema, macho yakimng'aa. "Huko upande wa Uturuki walichoma mawe ya kijani, ikatoka shaba. Baadaye ndipo wakapata chuma. Wachina walizidisha moto mpaka chuma kikawa uji, wakakimimina kwenye kalibu. Ng'ambo hapa, Katanga, walichimba shaba, ikavushwa ziwa mpaka Ujiji. Na watu wetu wa Buha walibadilishana majembe kwa mbuzi na chumvi ya Uvinza. Wote hao walianza na jiwe na mkaa!"

"Hata sisi," alisema Selestini, kwa sauti ya mtu aliyekuwapo.

"Sasa, baba, tanuru liwe na urefu gani?"

Selestini alikohoa. Alitazama huku, akatazama kule. Kando yake alikuwa amesimama jirani yake Dismasi, katekista wa kigango, aliyekuja kusikiliza mambo yasiyomhusu.

"Kama Dismasi," alisema.

Kwa hiyo Dismasi alisimamishwa shambani kwa Selestini, akapimwa kwa kamba kama anayetengenezewa jeneza, na tanuru likajengwa kwa udongo wa kichuguu, urefu wa Dismasi, na kiuno chake pia, kwa sababu Bariki aliuliza upana na Selestini hakuwa na jibu jingine. Bahati yao Dismasi ni mtu mfupi mnene. Angekuwa ametangulia kusimama pale Nyabenda, yule mchoma mkaa mrefu kama mlingoti, wangejenga mnara.

Nyabenda mwenyewe alizaliwa Burundi, akaletwa Kigoma mgongoni mwa mama yake, na hakuna mtu Simbo aliyejua mkaa kumshinda. Alileta magunia sita ya mkaa mgumu, mkavu. Bariki alifinyanga mirija ya udongo ya kuingizia hewa na kushona mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi. Selestini alikaa kwenye kigoda akitikisa kichwa kila wanapomtazama. Kutikisa kichwa alikuwa hodari.

Kitu kimoja tu alikijua kwa hakika, kwa kuwa baba yake alikirudia kila alipolewa: mwiko. Tanuru ni mama mjamzito, na wanaume wanaolizunguka ni wakunga. Mpaka lijifungue, hakuna mkunga wa kurudi kwa mkewe, na wanawake hawavuki mstari wa migomba.

"Siku tatu hapa hapa," aliamuru Selestini. "Tutalala kibandani. Atakayevunja, tanuru litajua."

"Ego, mzee," alikubali Nyabenda. Dismasi alitazama upande wa nyumbani kwake.

Waliwasha. Siku mbili walivukuta kwa zamu, wakimwaga mkaa na mawe, mawe na mkaa, nyuso zao nyeusi, macho mekundu. Asubuhi ya siku ya tatu walibomoa kifua cha tanuru. Kikatoka kitu cheusi chenye kung'aa, kilichogandamana kama uji ulioungulia sufuriani. Bariki alikigonga nyundo. Kikapasuka kama chupa.

"Mavi ya chuma," alisema Bariki.

"Na chuma chenyewe?" aliuliza Dismasi.

"Hakipo. Kimejisaidia kikaondoka."

Hapo Selestini alipata nafasi aliyoiomba. Angesema basi, mmejitahidi, nimesamehe, kuleni mfunge ndoa. Maneno yalikuwa kabisa mdomoni. Lakini Dismasi alimtazama kwa macho ya kuuliza kosa ni la nani, na Selestini akaona wazi kwamba kosa likikosa mwenyewe litakuja kukaa kwake, yeye mjukuu wa Rusimbi.

"Kuna mtu amevunja mwiko," alisema. "Desturi ni kuungama mbele ya tanuru. Mmoja mmoja."

Alidhani watakataa na mambo yaishie hapo. Dismasi akapiga magoti papo hapo. Miaka ishirini ya kuwafundisha wengine kuungama ilikuwa imemlemea.

"Usiku wa kwanza nilikwenda nyumbani," alisema. "Nilikwenda kula tu. Mama watoto alikuwa ametumiwa migebuka ya ziwani kutoka Mwamgongo, mibichi. Nikala."

"Kula si mwiko," alisema Bariki.

"Kisha mvua ikanyesha."

Nyabenda aliangalia mbingu, ambayo ilikuwa haijadondosha tone tangu Jumatatu.

"Mvua gani?" aliuliza.

"Ndogo," alisema Dismasi.

Nyabenda alikuwa akicheka bado alipofikiwa na zamu yake. Akakiri kwamba jioni ya pili, alipoachiwa mivukuto peke yake, alisikiliza mpira redioni, na timu yake iliposawazisha dakika ya themanini na nane aliiacha mivukuto akakimbia kuzunguka shamba mara tatu. Alipochoka, alikaa kusikiliza uchambuzi. Bariki, kwa upande wake, alikiri kwamba alizungumza na Scola kwa simu.

"Simu si kwenda nyumbani," alisema Nyabenda.

"Inategemea walizungumza nini," alisema Dismasi, ambaye sasa alikuwa amesamehewa na kupata nguvu za kuhukumu.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu wote watatu, bila kupanga, wakamgeukia Selestini.

"Mimi nina miaka sitini na minane," alisema Selestini. "Mniulize nini?"

Wakacheka tena, na akapona. Lakini usiku huo hakupata usingizi, kwa sababu wale watatu walitubu makosa madogo na wakalala wanakoroma, naye alikuwa na lake la miaka arobaini.

Bariki hakukata tamaa. Alijenga tanuru upya. Dismasi alisimamishwa tena, akapimwa tena, na safari hii mkewe alipelekwa kwa dada yake Ujiji ili mvua isinyeshe. Redio ya Nyabenda ilifungiwa kwenye sanduku. Kila alfajiri kijana alionekana akiponda mawe, viganja vimechubuka, kazi ya mageti ameiacha kwa mwenzake. Selestini alimtazama kutoka kwenye kigoda chake na akaanza kumpenda, jambo ambalo lilizidi kumharibia usingizi.

Tanuru liliwashwa Ijumaa. Jumamosi mchana liliwaka vizuri, likinguruma. Kufika saa tisa alasiri, mrija mmoja ukaziba, moto ukaanza kufifia. Bariki alizibua, moto ukapanda kidogo, ukashuka tena. Jasho lilimtoka. Ng'ambo ya mstari wa migomba Scola alikuwa amesimama na mama yake, ndoo ya maji ameiweka chini, mikono ameifunga kifuani. Nyuma yao ilikuwa nusu ya Simbo, maana habari za mvua ya Dismasi zilikuwa zimekwisha enea na hakuna aliyetaka kukosa sehemu ya pili.

"Mzee," alisema Dismasi, "sisi Kanisani tuna masalia ya watakatifu. Kwa nini tusilete jembe la babu? Liwekwe hapa mlangoni, wewe uzungumze naye."

Kila mtu alisema naam. Melania alitumwa nyumbani, akalileta, akalipitisha juu ya mstari kwa mkono ulionyooka. Bariki alilipokea kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye mlango wa tanuru, akarudi nyuma.

"Zungumza naye, baba," alisema.

Selestini alisogea. Alivua kofia. Kuwadanganya walio hai alikuwa amekwisha zoea, wala hakuona tena kuwa ni kazi. Lakini kumwambia Rusimbi mwenyewe, hapa mbele ya moto, kwamba babu, jembe lako hili hapa! Alifungua mdomo. Ulimi ule, ulioshindikana kusimamishwa tangu azaliwe, ukagoma. Alimtazama Scola. Binti alikuwa analia, na analia bila kuficha. Selestini aliona aibu.

"Hili si jembe la babu," alisema polepole.

"Unasemaje?" aliuliza Dismasi.

"Si lake. Melania!" Na kwa kuwa mwanamke havuki mstari na mkunga hatoki, ilibidi apaze sauti. "Melania! Lile jembe!"

"Jembe gani?" alijibu Melania kutoka kwenye migomba.

"La babu! Lile la kukuolea!"

"Limefanya nini?"

"Liko ziwani!"

Selestini alipoanza hakuweza kukomea katikati. Alizitoa habari zote kwa kelele, kama mtu anayenadi samaki. Mwaka wa themanini na mbili alikwenda Mwamgongo kuvua dagaa apate fedha za harusi. Baba yake alikuwa amekwisha mkabidhi jembe. Mtumbwi waliopewa haukuwa na nanga, na jembe la Rusimbi lilikuwa zito, lina shingo nzuri ya kufungia kamba. Siku ya tatu kamba ikakatika.

"Ukafunga jembe la mahari kuwa nanga?" aliuliza Nyabenda. "Yoo! Isuka ya babu?"

"Lilikuwa linashika vizuri sana," alisema Selestini kwa unyonge.

Ziwa lile halina habari ya kurudisha kitu. Kwa hiyo alinunua jembe la duka kwa mlanguzi wa Ujiji, maana miaka ile hata jembe lilipatikana kwa kujuana. Akalikwangua kwa tupa chapa yake ya ndege, akalizika mgombani mwezi mzima ndani ya majivu na chumvi ya Uvinza, kila jioni akilimwagia maji, mpaka likaota kutu ya kizee. Hilo ndilo alilolipeleka kwa baba mkwe.

"Nimemaliza," alisema. "Tanuru lijue. Bariki mwanangu, mwiko nimevunja mimi, tena kabla hujazaliwa."

Alingoja kuzomewa. Kutoka kwenye migomba ilikuja sauti ya Melania, tulivu kabisa.

"Selestini, unadhani sikujua? Baba alijua siku ileile. Ulikwangua ndege ukasahau mkia."

"Mkia?"

"Mkia wa ndege ulibaki pale pembeni. Baba alinionyesha. Nikamwuliza, sasa tumfukuze? Akasema, kijana anayeweza kumwagilia jembe maji mwezi mzima kwa ajili yako, huyo hata shamba atalima. Mpokee."

Selestini alikaa chini, si kwenye kigoda bali mavumbini. Miaka arobaini alikuwa amebeba siri ambayo mkewe alikuwa akiipangusa vumbi kila Jumamosi.

"Hata mimi nilijua, baba," alisema Bariki. "Mwaka jana Scola aliniletea nilitengeneze kwa maonyesho. Nilipoligusisha kwenye mashine ya kunolea, cheche zikatoka nyota nyota. Vitabu vinasema chuma cha mlimani hakitoi nyota namna hiyo. Kile hutoa mistari mirefu, basi."

"Ulijua! Kwa nini hukusema siku ya posa? Ungenimaliza mbele ya wazee."

"Nilikuja kuoa, baba. Sikuja kushinda kesi."

Ndipo kikasikika kicheko. Alikuwa Scola. Alicheka huku anafuta machozi, na akapaza sauti kama zamani. "Baba! Na sufuria za mama zote zipo, au nyingine ni nanga huko Mwamgongo?"

Simbo nzima ililipuka. Selestini naye alicheka, akalia, akacheka tena, na katika vurugu hiyo hakuna aliyeona kwamba Nyabenda, mtu wa dhambi ya mivukuto, alikuwa hajaiacha hata sekunde moja. Moto ulikuwa umepanda.

Jumapili, watu walipotoka misa, wakunga walibomoa tanuru. Yalitoka mavi mengi ya chuma, Bariki akayagonga yakapasuka, akagonga, yakapasuka, mpaka nyundo ikatua juu ya kitu na kitu kikakataa. Lilikuwa donge moja lenye matundu kama mkate, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Alilipasha moto, akalifinya kwa nyundo, akalipasha tena. Lilipungua, likapungua, mpaka likabaki kipande cha upana wa vidole viwili.

"Jembe halitoshi hapa," alisema Bariki, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Selestini alikichukua kile kipande, bado kina joto, akakishika kwa muda. Kisha akaliokota jembe la duka. Pale alipokwangua ndege kwa tupa, chuma kilibaki chembamba, na kutu ya miaka arobaini ilikuwa imekila mpaka pakatoboka tundu la kupita kidole. Akaliweka jembe na kipande chake mikononi mwa Bariki.

"Wewe si fundi wa kuunganisha?" alisema. "Unganisha."

Wazee wa Katubuka waliporudi Simbo, mjomba wa kijana alikuwa wa kwanza kulipokea jembe. Aliligeuza, akalipima uzito, akaliinamia.

"Kwa hiyo hili ndilo la chuma cha mlimani?"

"La babu liko ziwani," alisema Mzee Selestini, bila kupunguza sauti. "Hili ni la duka, kuanzia shingo mpaka makali. Ila weka kidole hapa, penye kiraka. Hapa palikuwa na uongo wangu. Hapa tu ndipo mlimani." Kisha akamwita Scola aje alichukue jembe lake, aende nalo kwa Bariki.